Mtoto wa tarehe 29 Februari naye ana siku yake

Ndugu Mhariri,

Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote tatu karatasi imeishia kuwashia jiko, kwa sababu ilikuwa na matusi. Leo nimetulia. Naomba nafasi nizungumzie kile kisanduku chenu cha "Siku Yako ya Kimaya", mnachokichapisha chini ya nyota tangu Januari 2024.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi hapa Bombo, Uganda. Nimezalisha miaka 31: wake wa askari wa kambini, Wanubi wenzangu, Waganda wa vijiji vya kando ya barabara ya Gulu, na wengine wengi ambao sikuwahi kujua walitoka wapi maana walifika kichwa cha mtoto kinaonekana. Watoto wa mtaani wananiita Haboba, yaani bibi. Sina shida na kalenda za watu wengine. Kinyume chake, hiyo ya Wamaya naifuata mwenyewe mwaka wa nane sasa, na ndiyo maana naandika.

Alhamisi ya tarehe 29 Februari 2024 kisanduku chenu kilisema hivi, nimekikata na ninacho: "Leo haina namba wala jina. Ni siku iliyo nje ya hesabu. Usianze jambo lolote." Gazeti hilo lilizunguka stejini kwa vijana wa bodaboda tangu asubuhi. Mmoja wao ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mke wake alikuwa na mimba ya pili, na ile ya kwanza alipojifungua alitokwa na damu nyingi mno, kwa hiyo kliniki walikuwa wamemwambia mapema: ukisikia uchungu tu, njoo, usikae nyumbani.

Nilipomaliza sala ya magharibi nikapita kumjulia hali. Nikamkuta amepiga magoti, ameshika ukingo wa kitanda, kanga imelowa. Chupa ilikuwa imeshapasuka. Mumewe ameketi mlangoni, simu mkononi. Nikamuuliza pikipiki iko wapi. Akasema ipo, "lakini Haboba, tungojee kidogo. Ikigonga saa sita usiku tunaondoka. Leo haina siku. Mtoto akizaliwa leo atakuwa hana siku yake duniani." Alisema huku anacheka kidogo, kama mtu anayejua maneno yake hayana miguu, lakini hakuinuka.

Mhariri, kwa umri wangu wa miaka 67 nimesikia sababu nyingi kutoka kwa waume. Mafuta yameisha. Mama mkwe hajafika. Mpira wa Arsenal haujaisha, zimebaki dakika kumi. Hiyo ya siku kutokuwepo ilikuwa mpya kwangu.

Tulibishana. Nikaita shangazi yake, naye akawa upande wa kusubiri, akisema saa mbili tatu haziui mtu. Nikarudi kwangu kutafuta simu niite gari, hakuna gari lililopokea. Mpaka saa nne na nusu yule mke mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ambayo kila mkunga anaijua, kwamba hawezi tena. Ufunguo nikauchukua mezani mimi mwenyewe nikamtupia mumewe. Tulipanda watatu, yeye mbele, mkewe katikati, mimi nyuma nimemshika mwenzangu kiunoni nikimhesabia pumzi. Kila shimo la barabara lilikuwa na kelele yake.

Saa tano na robo usiku mtoto akatoka, dakika chache tu baada ya kufika kituoni. Binti. Halafu damu ikaanza, kama tulivyoogopa. Sindano ya oksitosini ilikuwa kwenye friji, hatua sita kutoka alipolala. Nyumbani kwao hakuna friji.

Binti nikamshika, nikafanya kile ninachokifanya kila mara kabla sijamfunga kitambaa: nikamhesabu vidole. Kumi mikononi, kumi miguuni. Ishirini.

Hapo sasa nirudi nyuma kidogo, maana mnanidai maelezo.

Mwaka 2018 alikuja kukaa jirani yangu mtawa Mkatoliki kutoka Guatemala, muuguzi, mwenyeji wa Totonicapán. Ni Mmaya wa kabila la K'iche'. Kiswahili alijifunza kwa wake wa askari, kwa hiyo alikuwa akiamrisha watu kama koplo bila kujua. Nyanya yake alikuwa mkunga kama mimi, kwao wanamwita iyom, na pia alikuwa ajq'ij, yaani mtunza siku. Usidhani ni mambo ya kale yaliyochimbuliwa na wataalamu. Watunza siku wapo leo, kwenye miji ya milimani kama Momostenango, na wengi wao Jumapili wanakwenda misa.

Jioni moja tulikuwa barazani kwangu tukichambua mchele. Akaona kile kisahani changu cha karatasi. Wakunga mnakijua: visahani viwili, kidogo juu ya kikubwa, vimebanwa kwa pini katikati. Unazungusha mpaka mshale uangukie siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, upande wa pili unasoma siku ya kujifungua. Ukiwa huna kisahani, unaongeza siku 7, unarudisha miezi 3 nyuma. Sista akakichukua, akakigeuza-geuza, akacheka, akasema nyanya yake angekipenda. Akaomba boksi tupu la glavu. Akalikata miduara miwili, mmoja akautia meno 13, mwingine meno 20, akaipanga ubavu kwa ubavu. "Zungusha," akaniambia.

Ndiyo hiyo kalenda yao takatifu, Mhariri. Namba zinakwenda 1 hadi 13, kisha zinaanza upya. Majina ya siku yapo 20, nayo yanakwenda mpaka mwisho na kuanza upya. Zote zinatembea pamoja, kila siku jino moja. Leo ikiwa 8 B'atz', kesho ni 9 E, keshokutwa 10 Aj. Mpaka namba ileile ikutane tena na jina lilelile, zimepita siku 260. Wenyewe wanaiita Cholq'ij, mpango wa siku. Wana na kalenda nyingine ya jua, ya siku 365: miezi 18 ya siku ishirini-ishirini na siku tano za mwishoni. Hizo mbili zikisagana, hazirudi mahali pamoja mpaka miaka 52 ipite.

Kwa nini 20? Sista akaninyooshea mikono, kisha akavua viatu. Katika Kik'iche' ishirini ni "mtu mmoja". Vidole vyote. Mimi niliyehesabu vidole vya watoto wa watu miaka 31 sikuhitaji maelezo zaidi.

Na kwa nini 260? Wapo wanaosema ni kwa ajili ya mahindi, wapo wanaosema ni jua. Sista alinipa jibu la nyanya yake, nami nikapiga hesabu kichwani hapohapo: toka mimba kutunga mpaka kuzaa ni kama siku 266, na toka siku mama anapoona damu yake haikuja ni pungufu ya hapo. Siku 260 ni wiki 37 na siku moja. Sisi wakunga tunamwambia mama kwamba mtoto ametimia akimaliza wiki 37. Nilinyamaza, nikaendelea kuchambua mchele, lakini nilikuwa nimenasa.

Watu wataniuliza, wewe Muislamu, hajati, unatafuta nini huko? Nimeulizwa hata na shemeji yangu, kwa sauti kubwa, mbele ya wageni wa maulidi. Jibu langu ni kwamba sisi tunaishi ndani ya kalenda tatu nne bila kujua. Angalia wiki yetu ya Kiswahili. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni tano tena! Tuna tano mbili zimefuatana, hesabu mbili zimeshonwa kwenye kitambaa kimoja, na hakuna anayelalamika. Waganda nao wanaanzia pengine: Lwakubiri, ya pili, ni Jumanne yetu. Lwakutaano, ya tano, ni Ijumaa.

Hilo si fumbo la kuchekesha tu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia mama mmoja wa Kiganda arudi Jumatano kupimwa presha, maana miguu ilikuwa imevimba. Akaitikia vizuri. Alirudi Ijumaa, siku mbili baadaye, na kichwa kinamuuma, macho yanaona nyota. Masikio yake yalikuwa yamesikia tano. Tulimwahi. Tangu siku hiyo kila mama namchorea kwenye kitabu chake vijiti vya siku zilizobaki, anafuta kimoja kila akiamka.

Basi Sista akanifundisha. Tulianza Alhamisi tarehe 23 Agosti 2018, wiki ileile ya Idi ya kuchinja. Ilikuwa 8 B'atz', siku ambayo kwao watunza siku wapya hutawazwa na mzunguko huanza. B'atz' ni uzi, na ni kima pia. Mimi ninayesuka mikeka nikaipenda hiyo ya uzi. Nikaokota mbegu 260 chini ya mjirikiti wa njia ya msikitini, zile nyekundu zenye doa jeusi, nikazitia kwenye kopo la maziwa. Kila alfajiri nahamisha moja kwenda kopo la pili. (Wajukuu wamekatazwa kuzigusa, zina sumu.) Sista alipoziona akashika mdomo. Kwao mtunza siku hutumia mbegu nyekundu za mti wa ukoo uleule, wanauita tz'ite, anazimwaga na kuzipanga kutafuta jibu la mgonjwa au la mwenye shida. Hapo mimi nilimwambia wazi: kupanga mbegu kuulizia mambo ya ghaibu kwetu ni ramli, hiyo sifanyi. Kuhesabu nitahesabu. Akakubali, wala hakuninunia.

Mzunguko wa kwanza ulifunga tarehe 10 Mei 2019, Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani. Kopo moja tupu, jingine limejaa. Sijui nieleze vipi furaha ile. Ni kama kumaliza kusuka mkeka na kukata uzi wa mwisho.

Sasa kuitumia kwa maisha ya kila siku, ambalo ndilo neno mnaloliandika juu ya kisanduku, kulikuwaje? Kila jina lina kazi yake. Toj ni malipo. Q'anil ni mbegu. E ni njia. Tz'i' ni mbwa, na pia sheria na makaratasi. Kame ni kifo, na wale waliotangulia. Tz'ikin ni ndege, riziki na fedha. Namba nayo ina uzito wake: za chini ni changa, za juu zimekomaa na ni nzito, za katikati zimetulia.

Toj ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Inakuja kila baada ya siku 20, na kila ikija nilijiwekea nilipe deni moja, hata liwe la shilingi 2,000. Nilianza na muuza sabuni, nikaja kwa fundi aliyenishonea gurbaba ya harusi ya mpwa wangu, nikamalizia na dada yangu wa Arua ambaye alikuwa amesamehe zamani na akakasirika kwamba nimemkumbusha. Miezi kumi na moja, madeni yote kwisha. Mshahara wa serikali ulikuwa ukiniingilia kila mwisho wa mwezi miaka 31 na sikuwahi kufika hapo.

Tz'ikin ndiyo iliyonipiga. Nilisubiri siku nzuri, 8 Tz'ikin, nikanunua vifaranga 40. Kideri kikaingia, nikabaki na watatu. Nikamlalamikia Sista. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema kuku wa nyanya yake nao walikufa siku yoyote waliyotaka.

Kuna jambo jingine nililifanya peke yangu, sikumwambia. Nilihesabu kurudi nyuma mpaka tarehe 20 Mei 2014, aliyofariki mume wangu. Alikuwa dereva wa lori, na lori lilimlalia kwenye barabara ya Gulu saa kumi na moja alfajiri. Nikarudia hesabu mara tatu. 12 Tz'ikin. Siku ya riziki. Nilikaa na karatasi ile muda mrefu, kisha nikaikunja nikaitia kwenye msahafu. Tangu hapo, mtu akiniambia siku fulani ni ya bahati, namwacha amalize.

Sista hakunificha kwamba kwao pia zipo siku ambazo mtu haanzi kujenga wala haposi. Lakini alisema siku moja haiwi mbaya tupu. Hata Kame watu wanaipenda kwa kuwakumbuka wazazi. Na mtoto hachaguliwi siku. Anakuja na yake, na siku hiyo ndiyo inakuwa ubini wake wa pili. Mkunga wao hangojei saa sita usiku.

Nikafikiri, basi hiyo siku isiyo na jina imetoka wapi? Wiki ileile nikamtumia ujumbe wa sauti. Alikwisha rudi kwao mwanzoni mwa 2020, kabla nchi hazijafungwa. Jibu lake lilikuwa refu na la hasira, na kile Kiswahili chake cha kambini kilirudi chote. Kwa ufupi: kisanduku chenu si cha Wamaya. Kuna hesabu iliyobuniwa na Mmarekani karibu na mwaka 1990. Alichukua majina ya siku na namba zao, akayapachika kwenye mwaka wa miezi 13 ya siku 28 unaoanza tarehe 26 Julai. Ili mwaka wake usiyumbe, 29 Februari haihesabu kabisa. Anairuka.

Fikiri mwenyewe, Mhariri. Hesabu ya siku 260 haijali Februari. Haijui Februari ni nini. Inatembea siku kwa siku kama misbaha, jua likichomoza umeongeza moja. Ukiruka siku moja kila miaka minne, baada ya miaka 40 umepoteza kumi, na hiyo ni baada ya kuwa ulianza mahali pasipo. Tarehe 3 Mei 2024 Momostenango walikuwa wakisherehekea 8 B'atz', makopo yangu pia yalisema 8 B'atz', kisanduku chenu kilisema kitu kingine kabisa. Tarehe 18 Januari 2025 hivyohivyo. Tarehe 5 Oktoba mwezi huu, ambapo nimefunga mzunguko wangu wa kumi, hivyohivyo.

Na hapa ndipo hasira ya Sista ilipotoka. Mwaka 1562, mjini Maní huko Yucatán, Mhispania Diego de Landa alikusanya vitabu vya Wamaya akavichoma moto. Vilivyosalia duniani ni vinne tu: kimoja Dresden, kimoja Madrid, kimoja Paris, kimoja Mexico. Vitabu vikaungua, hesabu ikabaki vichwani mwa watu, kwenye mbegu na kwenye vidole, na haikupoteza siku. Karne zaidi ya nne na nusu hazikupoteza siku! Hata vita vya Guatemala vya 1960 hadi 1996, vilivyoua Wamaya wengi kuliko watu wengine wote, havikuikata. Kule San Bartolo, kaskazini mwa nchi hiyo, kimepatikana kipande cha plasta ya ukutani kilichoandikwa kati ya miaka 300 na 200 kabla ya Kristo. Kina alama ya siku moja: 7 Kulungu, ambayo Wak'iche' wanaiita 7 Kej. Kisha aje mtu na kalamu aseme siku fulani haipo.

Najua mtasema ni burudani tu, hakuna anayeamini. Tarehe 21 Desemba 2012 nilikuwa zamu ya usiku. Redio zilikuwa zimesema Wamaya wametabiri dunia kuisha, wakati kilichoisha kilikuwa mzunguko mmoja wa hesabu yao ndefu, siku iliyoitwa 4 Ajpu, na kesho yake wakaendelea na 5 Imox. Wodini tulicheka. Lakini mama mmoja hakucheka. Alilia usiku kucha akimwomba Mungu amwache amwone mtoto wake japo mara moja. Na sisi watu wa Uganda, Mhariri, tuna Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000. Watu waliambiwa dunia itaisha mwisho wa 1999, ilipokataa wakapewa tarehe nyingine, na mamia wakaungua ndani ya kanisa lililopigiliwa misumari. Siwafananishi ninyi na wale. Nasema tu kwamba maneno ya kumwambia mtu leo siyo siku, katika nchi hii, yanaangukia masikio yenye kumbukumbu.

Ninachoomba ni kidogo. Mkitaka kuendelea na kisanduku, fuateni hesabu ya wenyewe, ile ambayo ilisema 8 B'atz' tarehe 5 Oktoba 2025. Haihitaji mtaalamu; mtoto wa darasa la nne akipewa mikasi na boksi la glavu ataitengeneza. Andikeni pia kwamba ni ya watu walio hai, muwataje kwa jina. Na yale maneno ya "usianze", "subiri", "leo usitoke", yaondoeni. Mkishindwa, kifuteni chote mtupe nafasi zaidi ya mafumbo, maana mnayachapa madogo na macho yangu si ya jana.

Yule baba wa bodaboda hatujagombana. Mwezi uliofuata alinilimia bustani bila kuniambia sababu, nami sikumuuliza. Binti yake jana aliingia kwangu akang'oa vitunguu mstari mzima, akavipanga barazani kimoja kimoja kama anauza. Sista nilipomwambia siku yake alisema Kej ni mwenye miguu minne, anasimama imara, na ni mkaidi. La ukaidi nalithibitisha kwa macho yangu. Hayo mengine tutaona.

Msikitini wanasema alizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Shabani. Kituoni wameandika 29 Februari, na kwa kalenda hiyo ya ukutani tarehe yake itarudi 2028. Kwenye makopo yangu yeye ni 9 Kej, na siku yake imekwisha rudi mara mbili, tarehe 15 Novemba 2024 na tarehe 2 Agosti 2025. Mara zote mbili nimempikia maandazi. Itarudi tena Jumapili ya tarehe 19 Aprili 2026. Kama kisanduku kitakuwapo bado, tafadhali siku hiyo kiandike 9 Kej, na gazeti mniwekee nakala mbili.

Mkunga mstaafu,
Bombo.
Alhamisi, 23 Oktoba 2025. 13 Toj, siku ya kulipa madeni, na hili lilikuwa moja.